Maswali ya Mama Maabara

Ukiuliza mjini Mpanda habari za Marsela Kasimiri, watu watataka kujua ni Marsela yupi. Ukisema Mama Maabara, bodaboda wa Makanyagio atakufikisha hadi mlangoni kwake bila kuuliza la pili. Ni mhudumu wa maabara ya baiolojia katika sekondari ninayofundisha Kiswahili. Kwa miaka ishirini na miwili yeye ndiye anayetafuta panya na mende wa mitihani ya vitendo, anayechanganya dawa za kupimia wanga na sukari, na anayefuta lenzi za hadubini kwa kitambaa laini ambacho mtu mwingine haruhusiwi kukigusa.

Alizaliwa Mpimbwe, kwao ni wakulima wa mpunga. Alimaliza kidato cha nne akiipenda baiolojia kuliko somo lolote, ila alama hazikutosha kuendelea. Shuleni kwetu aliingia kama mfagiaji. Mwalimu mmoja, sasa amestaafu, aligundua kwamba kila Marsela akifagia maabara, chupa zinakutwa zimepangwa upya kufuata majina yaliyoandikwa juu yake, na hakuna aliyemtuma. Akaomba ahamishiwe huko moja kwa moja.

Jina lake lilianza kusikika kwa sababu ya walimu wa mazoezi. Kila mwaka vyuo hutuletea vijana wanaosomea shahada waje kufundisha kwa wiki nane. Mwaka mmoja walikuja wawili wa baiolojia kwa pamoja. Wa kwanza alitoka chuo chenye maghorofa na lango la vigae, na alama zake zilikuwa nzuri sana. Siku ya kwanza ya vitendo aliishusha lenzi ya hadubini mpaka ikavunja kioo kilichobeba ngozi ya kitunguu. Akabaki amesimama pale mbele ya watoto wa kidato cha pili, jasho likimtoka. Baadaye, walipobaki wawili, Marsela alimuuliza kwa upole kama chuoni kwao wanatumia hadubini za namna nyingine. Kijana akamweleza ukweli kwamba walikuwa wanafunzi arobaini kwenye hadubini moja, na aliyekuwa akiishika ni mhadhiri peke yake.

Wa pili aliitwa Ezekia. Chuo chake hakuna aliyekuwa amekisikia. Ni chuo kidogo cha upande wa Rukwa, kimejengwa ndani ya shamba la zamani la mikaratusi, na wanafunzi wake wanakiita Mikaratusini. Ezekia alipanda baiskeli hadi kijiji cha Kasokola, akachota maji ya jaruba la mpunga kwenye chupa ya soda, akarudi nayo. Kabla ya kipindi alifuta lenzi, akajaribu hadubini zetu zote, akamwambia Marsela ipi ina kioo kilicholegea na namna ya kuikaza. Watoto walipoona vijidudu vinaogelea kwenye tone moja la maji walianza kusukumana. Kisha Ezekia akageuka akasema, "Mama, na wewe njoo uangalie."

Marsela aliniambia kwamba hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Miaka yote alikuwa anaandaa, halafu anasogea ukutani. Aliinama, akafumba jicho moja, akaona kitu chenye vinywele pembeni kinazunguka kama mtu aliyepoteza funguo. Alikiangalia mpaka kengele ikalia.

Kuanzia hapo akawa anawahoji. Kila kijana wa mazoezi aliyeingia maabara alikaribishwa kiti, akapewa chai, kisha akaulizwa habari za chuo chake. Mlikuwa wangapi kwenye hadubini moja? Panya ulimpasua mwenyewe, au ulimtazama mwenzako anapasua? Kwa wiki mliingia maabara saa ngapi? Mlitoka nje kwenda mtoni au porini, au mlisoma mito na pori kwenye karatasi? Mwaka wa tatu ulifanya utafiti wako mwenyewe, na nani aliusoma? Mhadhiri anakujua jina? Halafu alikuwa anatazama mikono yao wakiwa kazini, na majibu yalioana na mikono. Baada ya miaka kadhaa alikuwa na picha ya vyuo vidogo zaidi ya kumi bila kukanyaga hata kimoja.

Hakuwa na mpango wa kuifanyia chochote picha hiyo, mpaka alipokuja Nyamizi.

Nyamizi alikuwa binti wa Mabula, mfugaji wa Kasokola ambaye wazazi wake walihamia na ng'ombe kutoka Shinyanga. Alimaliza kidato cha sita kwetu. Alama zake hazikufika udaktari, lakini kwa shahada ya baiolojia zilitosha vizuri. Alikuja maabara na orodha ya vyuo aliyochapiwa stationari pale Majengo, akamsalimia Marsela shikamoo, akamwomba amchagulie kimoja.

Marsela alikataa kumchagulia. Alimwambia vyuo vinabadilika, anachokijua yeye ni cha juzi na jana, na dawa ni kupiga simu na kuuliza. Wakakaa kwenye benchi nje ya maabara, Nyamizi akawa anauliza na Marsela anamnong'oneza swali linalofuata. Chuo cha kwanza kiliwajibu kwamba kina maabara ya kisasa. Nyamizi alipouliza wanafunzi wanaingia humo saa ngapi kwa wiki, mtu wa upande wa pili akarudia kwamba ni ya kisasa. Chuo cha pili mpokea simu alitaka kujua kama wao ni wakaguzi. Cha tatu kiliwajibu vizuri, ila hakikuwa na safari hata moja ya nje.

Mikaratusini karani alishindwa swali la kwanza, akawaomba wasubiri, akampa simu mkuu wa idara ya baiolojia mwenyewe, Dakta Felisiani. Huyu alijibu bila kukimbilia. Hadubini walikuwa nazo kumi na nne, zinazofanya kazi ni tisa. Darasa la mwaka wa kwanza lilikuwa na wanafunzi kumi na wanane, kwa hiyo wawili wawili. Kila mmoja anapasua panya wake. Utafiti wa mwaka wa tatu ni lazima. Kisha akaongeza jambo ambalo hawakumuuliza: mhadhiri wao wa jenetiki alikuwa ameondoka, na somo hilo lilikuwa linafundishwa na mgeni anayekuja wiki mbili tu kwa mwaka.

Simu ilipokatwa, Nyamizi alitaka kujua kama hicho ndicho chuo kizuri.

"Kina pengo kubwa kwenye jenetiki," Marsela akamjibu. "Lakini hao wengine pengo lao hatulijui, kwa sababu hakuna aliyetuambia."

Kazi ikabaki kwa baba. Mabula hakutaka kusikia habari za chuo ambacho hata redioni hakijawahi kutajwa. Jumamosi moja Marsela alipanda bodaboda hadi Kasokola, akapokelewa kwa maziwa mgando, akaeleza maswali yake yote sita na majibu waliyopewa. Mabula alimsikiliza huku akichora mistari ardhini kwa fimbo yake. Alipomaliza, mzee akamwita mayu, kama wanavyomwita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, umeniambia wanavyofundishwa. Hujaniambia waliomaliza wako wapi."

Marsela alikiri mbele ya familia nzima kwamba hilo hakuwahi kulifikiria. Njia nzima ya kurudi alikuwa anacheka peke yake, mpaka dereva akageuka kumtazama. Miaka yote hiyo alikuwa anajiona mjuzi, na mtu wa ng'ombe amemwonyesha kwamba alikuwa anatazama shamba na kusahau mavuno.

Nyamizi akapiga simu tena. Dakta Felisiani aliomba wiki moja. Siku ya nane ikaja karatasi kwenye simu yake, yenye majina ya wahitimu wote thelathini na mmoja wa miaka mitatu. Wengine walikuwa walimu, wengine hospitali, wawili hifadhi ya wanyama, mmoja alikuwa anasoma shahada ya pili, sita walikuwa bado wanatafuta kazi, na mbele ya majina manne aliandika, "Sijui walipo, naendelea kuwatafuta." Mabula alisomewa yote mpaka mwisho. Akasema mtu anayejua idadi ya waliompotea huyo anachunga. Nyamizi akaenda.

Kabla hajaondoka, aliandika maswali saba kwenye simu, juu akaweka kichwa cha habari, Maswali ya Mama Maabara, akayatuma kwenye kundi la WhatsApp la waliomaliza naye. Marsela hakujua. Alianza kushtuka mwaka uliofuata, wazazi asiowafahamu walipoanza kumsimamisha sokoni wakimuuliza kama saa tano za maabara kwa wiki zinatosha. Sista mmoja alimwuliza baada ya misa. Mimi mwenyewe niliyapokea maswali hayo kutoka kwa shemeji yangu aliyeko Inyonga, naye hakujua kwamba mwenye maswali anakaa hatua hamsini kutoka ofisini kwangu.

Mwaka wa pili yake, mwezi wa tatu, mkuu wa shule akamtuma mtu amwite Marsela. Kulikuwa na mgeni kutoka chuo kikuu. Marsela alivua koti la maabara, akalivaa tena, akaniuliza kama mtu anaweza kushtakiwa kwa kuuliza. Nilimsindikiza hadi mlangoni.

Mgeni alikuwa mtu mfupi, amevaa sweta lililofungwa vifungo vyote, na vumbi la safari lilikuwa bado viatuni. Alisimama, akamwamkia, akajitaja. Alikuwa Dakta Felisiani. Alieleza kwamba kwa mwaka mmoja chuo chake kilipigiwa simu na vijana zaidi ya sitini kutoka Katavi, wote wakiuliza maswali yale yale saba kwa mpangilio ule ule. Karani wake alikuwa ameyabandika ukutani pamoja na majibu. Mwishoni Felisiani aliyapeleka kwenye baraza la chuo, akaonyesha kwamba kila mmoja wa vijana hao aliambiwa chuo hakina mhadhiri wa jenetiki. Baraza lilikuwa limekataa mara tatu ombi lake la kuajiri mwingine. Safari hii lilikubali, na mhadhiri mpya, Dakta Séverine, alikuwa ameshaanza kazi.

"Nimekuja kukuomba utukague, Mama," akasema. "Siku moja tu."

Marsela akamkumbusha kwamba yeye ni wa kidato cha nne. Felisiani akasema hilo analijua, Nyamizi alimwambia.

Tulienda Ijumaa ya wiki iliyofuata, na mkuu wa shule alinipa ruhusa ya kumsindikiza. Tulipanda basi la asubuhi la Sumbawanga. Marsela alivaa gauni la kitenge la Pasaka na akakataa kula chochote njiani, akisema mkaguzi hatakiwi kushuka na mafuta mikononi.

Pale chuoni hakutaka kuanzia ofisini. Alienda moja kwa moja kwa wanafunzi waliokuwa kwenye vitendo, akauliza mmoja mmoja, akashika hadubini, akapitisha kidole nyuma yake kutafuta vumbi. Vumbi hakulikuta. Alitazama madaftari yao, akafurahi kuona michoro iliyopinda na yenye makosa, kwa sababu ilikuwa michoro ya walichokiona na si ya kitabuni. Nyamizi alikuwa humo, ananawiri, anamwonyesha mabuu ya mbu aliowafuga mwenyewe kwenye ndoo.

Kisha Marsela akaona kabati refu lenye kufuli. Aliuliza ndani kuna nini. Fundi wa maabara akajibu kwamba kuna hadubini sita mpya za msaada zilizoletwa mwaka jana, zinatunzwa zisiharibike, wageni wakija zitatolewa.

Marsela alimtazama Dakta Felisiani, naye akatazama sakafu.

"Mimi ni mgeni," Marsela akasema. "Zitoeni. Na mkishazitoa msizirudishe."

Ufunguo ulitafutwa kwa dakika ishirini. Masanduku yalipofunguliwa wanafunzi walishangilia kama timu yao imefunga bao, na Dakta Séverine, mwanamke mrefu mwenye Kiswahili cha lafudhi ya Kirundi, akakunja mikono ya koti lake akaanza kuzipanga mezani. Hapo hapo akawaonyesha chembe hai za ncha ya mzizi wa kitunguu zinavyojigawa. Alimfundisha Marsela kuhesabu hatua za kugawanyika, na Marsela akazipata zote nne, moja akaiona kabla ya Nyamizi. Mchana tulikula wali na samaki wa Ziwa Rukwa kwenye bwalo, na fundi wa maabara alikuja kukaa karibu naye akamuuliza anafutia lenzi kitambaa gani. Hawakumaliza mazungumzo yao mpaka basi lilipopiga honi.

Walipomwomba atoe neno la mwisho, hakutoa hotuba. Alisema pale panafundishwa baiolojia.

Mwaka huo vijana tisa wa Mpanda walijiunga na Mikaratusini. Felisiani alimtarajia na wa kumi, Maiko, kijana aliyeongoza mkoa mzima kwenye baiolojia. Lakini Maiko alitaka kusoma samaki, na Marsela alipouliza maswali yake kila mahali akakuta kuna chuo kingine kidogo kando ya Ziwa Tanganyika ambako wanafunzi wanaingia ziwani kila wiki. Akamwambia Maiko aende huko. Dakta Felisiani alipiga simu kulalamika kwamba mkaguzi wake mwenyewe amemnyang'anya mwanafunzi. Marsela alimweka kwenye spika ili na mimi nisikie, akamjibu kwamba Mikaratusini hakuna samaki isipokuwa wa kwenye sahani.

Upande wa pili tukamsikia anacheka.

"Niambie basi, Mama," akasema. "Bwawa la samaki la kuanzia liwe na urefu gani?"