Mboga ya Kukimbilia

Wakati wa korona kukimbia barabarani kulikatazwa, kwenda sokoni kuliruhusiwa. Basi mzee mmoja wa mtaa wetu wa Bukoto, tumbo limemtangulia, akawa anakimbia kila asubuhi na fungu la mboga ya majani, nakati, mkononi, mpaka askari akamsimamisha mbele ya meza yangu, mimi bibi muuza mboga.

"Unatoka wapi?"

"Sokoni, afande."

Askari akainua ile mboga kwa vidole viwili. "Hii nimeiona tangu juzi. Panda gari!"

Mzee akanitazama.

"Mwanangu, muache," nikasema. "Ni mteja wangu."

"Mteja gani, jaja, na mboga imekufa hivi?"

"Basi anunue mbichi."

Mzee akanunua, akaachiwa, akakimbia. Ikawa ndiyo desturi, kila siku akirudi nyumbani na fungu jipya. Tumbo likapungua kweli, hadi mkewe akanijia: "Jaja, huyu hawezi kukimbia na nyama?"