Mashine Iliyofundishwa Kumsubiri Mzee Sanga

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi pale Mbeya, miaka ya sabini ikikaribia kwisha, ukungu umeuficha mlima Loleza na sisi tumekaa ofisini na makoti yetu. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya kupeleka mbolea vijijini. Tulikuwa tumeletewa kompyuta, na kijana mmoja wa Iringa, Festo, ndiye pekee aliyejua kuiandikia amri.

Mwanangu, nakuona unavyoandika amri zako siku hizi: menyu inatokea, mtu anabonyeza kitufe kimoja, kazi inaendelea. Festo naye aliandika hivyo hivyo. Kompyuta iliuliza kwenye kioo: moja, kuongeza mzigo, mbili, kuchapa orodha ya kijiji, tatu, kuifuta. Ukigusa tu, imeshatenda. Festo alijivunia wepesi ule, na mimi, acha niseme, nilimwona ana akili kuliko wanaume wote wa Mbeya.

Wa kuitumia alikuwa Mzee Sanga, mtunza ghala, aliyevijua vijiji vyote kuanzia Uyole mpaka Rujewa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Asubuhi hiyo ya majaribio meneja alisimama nyuma yake. Mzee alitaka kuchapa orodha ya Rujewa, kidole kikateleza, kikagusa tatu. Orodha ikapotea tukiangalia.

"Mzee, nilisema mbili," Festo akalalamika.

"Nililenga mbili, baba."

Meneja akakohoa. "Itabidi tutafute mwenye mkono imara."

Mzee Sanga akauficha mkono mfukoni. Alikuwa amebakiza muda mfupi tu astaafu, na watoto wake wadogo walikuwa bado shuleni. Nilishindwa kumtazama.

Hapo Mama Sekela, karani wetu mkuu, Mnyakyusa aliyetulea sote pale ofisini, akavuta kiti akaketi karibu na Festo. Hakupandisha sauti.

"Festo mwanangu, mashine yako inamuuliza mtu swali, halafu haimwachi aseme, 'Hapana, nilikuwa na maana ile nyingine.' Mimi nikikuuliza chai au maziwa, ukaropoka, si nakuuliza tena?"

"Atazoea, mama."

"Mkono ule hautazoea. Izoeshe mashine. Si wewe uliyeiandika?"

Festo akakuna kichwa. Kisha akainuka, akamfuata Mzee ghalani, akamwomba radhi. Alishinda naye huko mpaka jioni, amebeba kibao cha vitufe mapajani, akiangalia vidole vya mzee vinaangukia wapi. Mimi nikabaki nikiiandika upya orodha ya Rujewa kutoka kwenye karatasi zetu.

Alipomaliza kuzirekebisha amri, vitufe alivyoviteua vya kuchagua vilikuwa vimeachana mbali kwenye kibao. Ukigusa kisichohusika, kompyuta haikufanya lolote, iliuliza tena. Na kufuta ilikuwa mpaka ulione jina la kijiji, kisha uandike neno zima, FUTA.

Mzee Sanga akaketi tena, meneja yupo. Kidole kikaenda pembeni. Kompyuta ikauliza tena. Akajaribu taratibu, na orodha ikaanza kuchapwa.

"Ndaga, asante mwanangu," akamwambia Festo huku akicheka. "Sasa ina adabu. Inanisubiri."

Alifanya kazi mpaka akastaafu kwa heshima, na siku ya kumuaga alimketisha Festo katikati ya watoto wake. Mimi nilikubali kuolewa na Festo baadaye. Akili zake nilikuwa nimeziona tangu mwanzo. Kilichonivuta ni ule mchana aliokaa ghalani.

Basi mwanangu, unapoandika menyu yako, mfikirie atakayeibonyeza akiwa amechoka, au mgonjwa, au ana haraka. Pokea vitufe ulivyovitaja tu. Kingine chochote, uliza tena bila kumkaripia. Jambo lisiloweza kurudishwa usiliache kwenye mguso mmoja. Na watu wa nyumbani kwako watendee vivyo hivyo, wape nafasi ya kujirekebisha.

Mungu aibariki mikono yako, akupe na moyo wa kusubiri, na siku yako mwenyewe ikifika ya kutetemeka, akuletee wa kukusubiri.