Mtani Hajibiwi kwa Maelezo

Alasiri ile ya mtaani Chemchem, Tabora, bado hunijia, mwanangu, na kila ikinijia nacheka peke yangu. Usinune ninapokuita mwanangu. Najua tumepishana miaka michache tu, lakini mimi ni mdogo wake mama yako, na kwetu mama mdogo ni mama.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi Tabora kwa babu yangu, mwalimu mstaafu, nikijiandaa kwa mtihani wa mantiki wa kuingia kusoma sheria. Ufadhili niliopata ulikuwa wa mwaka ule tu. Nikifeli, nafasi imekwenda. Sehemu nyingine nilizimudu. Kilichonishinda ni yale maswali yanayokupa hoja moja, kisha yanakutaka uchague nyingine iliyojengwa kwa namna ileile. Ndiyo hayohayo yanayokunyima usingizi wewe sasa.

Swali la siku hiyo lilisema: kila mkulima aliyesajiliwa huuza tumbaku sokoni, Mashaka huuza tumbaku sokoni, kwa hiyo Mashaka amesajiliwa. Mimi mtoto wa Urambo, nimekulia kwenye moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku, nikaanza kumfikiria Mashaka. Labda anauza kwa jina la kaka yake? Labda amekosana na viongozi wa ushirika? Nilikaribia kumwonea huruma. Mwishowe nikachagua jibu lililotaja tumbaku, nikakosa. Nikachagua la mahindi, maana nayo ni kilimo, nikakosa tena.

Hapo akaingia Mzee Pazi, jirani yetu Mzaramo, ambaye kazi ya reli ilimleta Tabora akabaki. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipokuwa wakibeba mizigo kwa miguu hadi pwani. Basi Mzee Pazi kwetu haingii kimyakimya.

"Shikamoo, babu," nikamwamkia.

"Marahaba, mjukuu." Akaliangalia begi langu, akamgeukia babu. "Wapagazi wote hubeba mizigo mgongoni. Huyu mtoto kila siku ana mzigo mgongoni. Kumbe Wanyamwezi hamjaacha upagazi!"

Nami, kwa wasiwasi wangu, nikakimbilia kujitetea. "Hapana, babu, humu mna kompyuta na vitabu vya mtihani, si mzigo wa..."

"Nyamaza!" babu akasema, huku akicheka. "Unatuaibisha. Mtani hajibiwi kwa maelezo. Ukishaanza kueleza begi lina nini, amekushinda. Pita njia aliyopita yeye, ila safari hii mtembeze yeye." Kisha akamtazama mgeni wake. "Pazi, punda wote wana masikio marefu. Wewe una masikio marefu. Sasa nani kakufungulia kamba?"

Mzee Pazi alicheka hadi kofia ikamwanguka.

Babu akaniambia nijaribu na mimi. Nikafikiri sana, kama kawaida yangu, nikasema, "Wazaramo wote wanapenda nazi. Wewe ni Mzaramo. Basi unapenda nazi."

Wazee wakatazamana.

"Kweli kabisa, naipenda," Mzee Pazi akasema kwa upole. "Sasa utani uko wapi? Umenipigia mahesabu yaliyonyooka, mjukuu. Mimi wangu ulikuwa umepinda!"

"Faini!" babu akasema. "Aliyejieleza kwa mtani akachemshe chai."

Nikaenda jikoni, na maji hayajachemka nikaelewa. Punda na mpagazi hawafanani hata kidogo, lakini hoja zao zilipinda mahali pamoja: wote wa kundi wana kitu fulani, huyu anacho, basi ni wa kundi hilo. Yangu ya nazi ilianza na mtu wa ndani ya kundi, kwa hiyo ikanyooka. Na Mashaka? Mashaka alikuwa na masikio marefu tu, basi. Nikaiacha chai, nikarudi mbio kwenye maswali, na wazee wakalalamikia kiu.

Siku ya mtihani ikafika. Likaja swali la wauguzi, na jibu mojawapo lilitaja wauguzi, likanivuta kwelikweli. Nikalipita. Nikachagua la madirisha, lililopinda palepale. Nilifaulu, mwanangu, ndiyo maana leo nasoma sheria na bado nina wasiwasi wa mambo mengine.

Kwa hiyo nisikilize. Ukikutana na hoja, usibishane nayo na usitafute kama ni kweli duniani. Wavue watu na vitu majina yao, uone mwendo uliobaki. Imetoka wapi, imeishia wapi? Imesema wote au baadhi, lazima au huenda? Kama imepinda, jibu lako nalo lipinde vilevile. Kama imenyooka, usikubali lililopinda hata likikufurahisha. Na moyo ukianza kukuuliza habari za ndugu zake Mashaka, uambie utamjibu mtihani ukiisha.

Mungu akutulize moyo na akupe macho ya kuona njia chini ya maneno. Uingie chumba kile ukiwa mwepesi, utoke ukiwa na njaa ya chakula tu. Na siku ukivaa joho la wakili, mahakama nzima isimame, na sisi wa Tabora tukupigie vigelegele hadi hakimu atufukuze.