Santuri Iliyoanikwa na Tangawizi

Mpaka leo nikipita sokoni Same, kwa wale kina mama wanaouza tangawizi kavu, moyo wangu unaanza kwenda mbio kabla mimi mwenyewe sijajua kwa nini. Wenzangu harufu ile inawakumbusha chai. Mimi inanikumbusha santuri nyeusi iliyopinda kama bakuli, na watu wazima wawili walioniachia mimi kuitazama. Ngoja niwaeleze taratibu, maana nikiwa na haraka huwa nasahau mwanzo.

Nililelewa na Mama Mkubwa, dada yake mama, kule milimani juu ya Gonja. Alikuwa nesi, na ugonjwa wake yeye, kama alivyousema mwenyewe, ulikuwa santuri za zamani, hasa za muziki wa soul, ule ambao mtu anaimba kama anamsihi mwenzake asifunge mlango. Akisikia kuna baa ya zamani inafungwa Same, au mzee fulani Makanya anasafisha stoo, basi siku yake ya mapumziko atashuka huko na kurudi na boksi kichwani, jasho linamtoka, anacheka. Majirani walisema nesi wetu anaokota sahani zisizofaa hata kuwekea ugali.

Kuzikusanya ilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kuzitambua, kwa sababu nyingi zilifika zimebanduka lebo, ile karatasi ya katikati. Mende wameila, au unyevu umeimaliza. Hapo ndipo nilipohitajika mimi. Karibu na tundu, pale mistari inapoishia, santuri ina sehemu laini, na kiwandani walikuwa wanakwaruza hapo herufi na namba ndogo kama miguu ya sisimizi. Macho ya Mama Mkubwa yalishachoka. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeishika dirishani, nikaiinamisha huku na huku mpaka herufi zikaibuka, nikamsomea. Yeye anafumba macho, anafikiri.

"Hiyo ya Nairobi," anasema. Au, "Hiyo imetoka Marekani, mwanangu. Imesafiri kuliko askofu."

Alikuwa na sheria moja tu: "Nakijwa, sema unachokiona. Usiseme unachokitaka." Nami nilikuwa mtoto wa kutaka mambo mengi, kwa hiyo sheria ile ilinitia hofu kila nilipofungua mdomo.

Kila boksi lilipofika, jirani yetu Bibi Nanzia naye alifika, na kigoda chake mkononi. Hata kabla sijamaliza "shikamoo" alishaitikia "marahaba" na kumgeukia Mama Mkubwa.

"Yupo?"

"Bado, Bibi."

"Tafuta vizuri. Nyie manesi mnatafuta mshipa mpaka mnamtoboa mtu mkono mzima, leo mtashindwa kumwona mtu mzima?"

Aliyekuwa anatafutwa ni Eliamani, mwanawe. Alikuwa kijana wa tarumbeta za usharika, akavuka kwenda Kenya kufuata bendi, na huko huko akafariki na kuzikwa. Kabla ya hapo msafiri mmoja aliwahi kuleta habari kwamba Eliamani ameingia kwenye santuri, muziki wa kulialia. Bendi gani? Msafiri hakukumbuka. Basi mama mtu akabaki na habari hiyo tu, wala santuri yenyewe hakuwahi kuisikia.

"Tatizo, Bibi," Mama Mkubwa alikuwa anamwambia kwa upole, "tarumbeta haina sura. Nikiisikia nitajuaje kuwa ni yeye?"

"Kila mtu anapuliza kwa mapafu aliyopewa," Bibi anajibu, na kuinuka na kigoda chake.

Na kuhusu mapafu, lazima niwaambie habari za baragumu letu. Kwetu ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, likijaa tope, au njia ikikatika, hupigwa mbiu ya msaragambo na kila nyumba hutoa mtu na jembe. Mbiu ya mlima wetu ilikuwa hivi: fupi, fupi, halafu ndefu inayojikwaa mwishoni kama mtu aliyegonga kisiki, kisha inainuka tena. Wazee walisema huko kujikwaa hakukuwa sehemu ya mbiu. Mume wa Bibi Nanzia ndiye aliyekuwa mpigaji kwa miaka mingi, na kifua chake kilikuwa kibovu, pumzi ilikatika pale pale kila siku. Alipofariki, mpigaji mpya akaipiga imenyooka vizuri kabisa. Hakuna aliyetokea! Watu walidhani ni mbiu ya mlima mwingine, wakaendelea kula makande yao. Mpigaji akakasirika, kesi ikaenda barazani (Wapare na kesi tena, mnatujua), na baraza likaamua kwamba mbiu ijikwae kama zamani. Tangu hapo kila mpigaji amejikwaa kwa makusudi. Bibi Nanzia alipenda kusema, "La mgambo likilia kuna jambo. Lakini la kwetu lijikwae kwanza."

Sasa, siku moja Mama Mkubwa alirudi kutoka Same na boksi la baa, na ndani yake santuri ndogo isiyo na lebo, imegandwa na mafuta na moshi. Nikamsomea herufi. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Hakucheka. Alisema ni ya Nairobi, ni ya miaka ile ile, na namba hiyo hajawahi kuiona popote.

"Usimwambie Bibi kwanza," alisema. "Tusimpe matumaini ya bure."

Akaiosha kwa maji ya sabuni, akaifuta kwa kitambaa, akaiegemeza kivulini barazani ipate kukauka mpaka atakaporudi kutoka kazini. Mimi nikaenda kisimani.

Bibi Nanzia akapita. Akaona kitu kilichooshwa kimeachwa kivulini. Kwetu milimani ukiacha kitu kibichi kivulini kinaota ukungu, tangawizi inaoza, na mwenye nyumba anachekwa. Kwa moyo wake mwema akaichukua, akaipeleka kwenye kichanja chetu cha kuanikia, akailaza katikati ya vipande vya tangawizi, jua la utosi. Kumbe baadaye alirudi na kuigeuza upande wa pili, kama tunavyogeuza tangawizi.

Niliporudi niliona kitu kinang'aa kwa mbali. Nilipokaribia nikaweka ndoo chini. Kingo zake zilikuwa zimeinuka.

"Mbona sahani yenu imejikunja kama chapati?" Bibi aliuliza.

Aliyemjibu ni Mama Mkubwa, aliporudi na kusimama pale na sare yake nyeupe. "Bibi," alisema, "hii ndiyo niliyodhani yumo."

Bibi Nanzia alikaa chini, juu ya udongo mtupu, bila kigoda. Mwanamke aliyeweza kumpeleka mtu barazani kwa sababu ya kuku aliyeparua mbegu zake, siku hiyo hakuwa na wa kumshitaki.

Kesho yake Mama Mkubwa alitoa vioo viwili kwenye fremu za picha ukutani, akaibana santuri katikati, akairudisha kichanjani na jiwe la kusagia juu yake. Jua lililoipinda ndilo litakaloinyoosha, alisema, ila likizidi, mistari itafutika na hatutasikia tena chochote. Yeye alitakiwa kazini. Kazi ya kulinda ikawa yangu.

"Weka shavu kwenye kioo mara kwa mara. Kikiwa kama paji la mtoto mwenye homa, kitoe juani haraka."

Sijawahi kuogopa kitu kama kile kioo. Naweka shavu, natoa, naweka. Homa ndogo? Homa kubwa? Wingu likipita nafurahi, halafu nahofia santuri haitanyooka. Ng'ombe wa jirani akikohoa naruka. Bibi Nanzia alikuwa amekaa mbele yangu kimya, na kimya chake kikanibana mpaka nikamwambia "Shikamoo Bibi."

"Umeshanisalimia asubuhi," alisema. Macho hayakutoka kwenye kioo.

Shavu lilipoungua kidogo nikasema basi. Tukaihamishia kivulini, mimi na yeye, kila mmoja ameshika upande, tukitembea kama watu wenye jeneza. Jiwe likarudi juu mpaka ikapoa kabisa.

Ilinyooka, lakini si yote. Ukingo ulibaki na wimbi dogo, na mwanzo wa wimbo uko ukingoni. Mama Mkubwa aliiweka kwenye mashine yake ya kupigia santuri, akaniinamisha kichwa mpaka pua yangu ikakaribia kugusa. "Wewe angalia sindano. Ikiruka, niambie. Unachokiona."

Kwanza ilikwaruza kama mvua ya mbali. Halafu tarumbeta. Fupi. Fupi. Ndefu, ikajikwaa, ikainuka. Ngoma zikaingia, na mwanaume akaanza kusihi.

Mama Mkubwa aliinua sindano. "Imeruka. Pale kwenye wimbi." Akairudisha. Fupi, fupi, ndefu, ikajikwaa, ikainuka. Akainua tena, sauti yake imepungua. "Samahani, Bibi. Ni jua. Inaruka pale pale. Au vipi, Nakijwa?"

Mimi nilikuwa nimeona sindano ikipanda na kushuka na lile wimbi, kama shingo ya kuku anayekunywa maji. Haikuacha mstari wake. Au ndivyo nilivyotaka?

"Haijaruka," nikasema.

Nilipoinua kichwa, Bibi Nanzia hakuwa kwenye kigoda. Alikuwa mlangoni, kanga imefungwa kiunoni, anatazama chini kule ndiva ilipo. Nilidhani amekasirika, anaondoka.

"Nimesikia," alisema, si kwetu. "Nimesikia, baba."

Santuri ilikwenda kukaa kwake, ikatundikwa ukutani chini ya baragumu la mumewe, mpaka alipofariki na kuzikwa nayo. Mimi nikashuka Same, nauza makava ya simu, na naota kufungua siku moja nyumba ambayo mtu ataingia, aketi, asikilize santuri bila kuharakishwa. Mtacheka, chekeni tu. Lakini miaka yote hiyo kitu kimoja kilinitafuna: kama sindano iliruka kweli, basi kule kujikwaa kulikuwa kwa jua tu, na mama yule alizikwa na kosa la jicho langu.

Mwaka huu nilipata boksi kutoka Makanya. Ndani, santuri ndogo, safi, imenyooka, lebo imekaa vizuri: jina la mwimbaji, jina la bendi. La mpiga tarumbeta halipo. Nikaipeleka dirishani. Herufi zilikuwa zile zile.

Niliiogopa. Niliizungukia kama mtu anayezunguka mlango wa hospitali, nikachemsha chai, nikaiacha ikapoa. Hatimaye nikaishika sindano, na hapo ndipo nilipoikumbuka ile kanga. Mama wa kwetu hafungi kanga ya kazi kwa haraka: anaizungusha, anaikaza, anachomeka pindo. Mimi nilisema "haijaruka" na kuinua kichwa mara moja, na tayari ilikuwa imefungwa, na yeye yuko mlangoni. Hakuningoja. Aliinuka mbiu ilipolia, kama alivyoinuka maisha yake yote, wakati mimi nimeinamia sindano nikidhani dunia nzima inangoja neno langu.

Nikaishusha.

Fupi. Fupi. Ndefu, na kwenye santuri ile iliyonyooka kama meza, ikajikwaa, ikainuka.

Nikajikuta nimesimama, katikati ya kachumba kangu cha kupanga, natazama huku na huku nikitafuta jembe.