Mpiga Pasi Anayelishwa na Mkewe Mezani

Saa moja na nusu asubuhi, mkaa umeshika vizuri ndani ya pasi na Mzee Kola anashughulika na mkono wa shati jeupe. Hainui macho. Anafungua mdomo tu, na mkewe, aliyesimama kando yake na bakuli mkononi, anamtilia kipande cha yai la kuchemsha.

Anatafuna, anageuza shati, anafungua mdomo tena. Safari hii ni kijiko cha maharage. Kijana mmoja aliyefuata suruali zake anauliza kama na wateja nao wanapata huduma hiyo. "Oa kwanza, mwanangu," bibi anamjibu bila hata kumtazama, na duka zima linacheka.

Hili ni duka la dobi, katika mtaa wa mafundi cherehani na wauza vitambaa. Nyuma kuna makaro ya kufulia na kamba za kuanikia. Mbele kuna kaunta, pasi mbili za umeme na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake. Meza hiyo ni ya Mzee Kola. Ana miaka sitini na tisa, na alianza kusimama hapo kabla hajaota ndevu.

Jina amepewa na wateja kwa ajili ya kola za mashati. Zikitoka mkononi mwake zimelala sawasawa, hazina kunyanzi hata kwenye pindo, na wapo watu wazima na heshima zao ambao wakikuta kola imepigwa na mtu mwingine huirudisha hapo hapo kaunta.

Mwaka jana nusura meza hiyo imponyoke.

Mambo yalianza pale pasi ilipokuwa nzito. Pasi yake ni ya mkaa, chuma cha zamani, na hataki kabisa kusikia habari za ile ya umeme. Anadai inabembeleza nguo badala ya kuinyoosha. Sasa ghafla, ile ile aliyoizoea ikaanza kumshinda. Kufika mchana mkono unatetemeka, kufika jioni hawezi kufungua kifuniko cha chupa.

Badala ya kuuliza mkono, mzee akaiuliza pasi. Akaamini kabisa kwamba kuna mtu kambadilishia. Mshukiwa alikuwa Povu, mfuaji wa pale nyuma, mtu mpole asiye na habari na pasi ya mtu yeyote. Mzee akamnunia. Salamu ikakatika. Povu wa watu akabaki anajiuliza kakosa nini.

Mwisho mzee akaifunga pasi kwenye kitambaa, akaipeleka kwa fundi wa kuchomelea vyuma aliyewahi kuitengeneza bawaba ya pasi hiyo. Fundi akaigeuza, akaona kazi ya mkono wake mwenyewe. Akamwambia pasi ni ile ile, labda kilichobadilishwa ni mkono. Alikuwa anatania. Mzee Kola hakucheka, na anasema njia nzima ya kurudi alikuwa anaona aibu.

Haikupita muda, likatokea la kutokea. Shati la bwana harusi, jeupe pe, lilikuwa mezani. Alitaka kuinua pasi, mkono ukachelewa. Ikabaki alama ya kahawia kifuani, mahali ambapo hata koti lisingeificha.

Mwenye duka, binti wa mtu aliyelianzisha duka hilo, alimnunulia bwana harusi shati jingine. Kisha akamwita Mzee Kola pembeni na kumwomba, kwa adabu zote, akae kaunta apokee nguo. Meza angeishika mtu mwingine kwa muda.

"Nilitamani anitukane," anasema Mzee Kola. "Angenitukana ningejua bado ananihesabu fundi. Lakini alinipa kiti. Yaani kiti, mimi!"

Na nyumbani kiti kilikuwa kimeshakuwa kesi. Kukaa alikaa vizuri, kuinuka ndiyo shughuli: mikono yote miwili kwenye magoti, pumzi, jaribio la kwanza, jaribio la pili. Binti yake mkubwa alipomwona akalia. Akamsihi aache kazi, ahamie kwake, apumzike. Mzee alijua binti anasema kwa mapenzi. Hata hivyo, alisikia kama anapangiwa kabati la kuwekwa.

Mkewe hakubishana na mtu. Alimshika mkono, akampeleka kliniki.

Huko walimkuta mtaalamu wa lishe, mwanamke wa umri wa kitinda mimba wao. Hakumwuliza kwanza anaumwa nini. Alimwuliza jana alikula nini tangu alipoamka. Mzee akasimulia kwa fahari, maana aliona hapo hana kosa: asubuhi chai ya rangi na mkate mkavu, mchana chai ya rangi na mkate mkavu, jioni uji kidogo kwa sababu ya uchovu. Nyama ikipikwa huwaachia wajukuu, ndio wanaokua.

Alipoulizwa kwa nini mkate mkavu, akaeleza sheria ya kazi. Fundi aliyemfundisha alimkataza kugusa chochote chenye mafuta mchana kutwa, kwa sababu tone moja la mafuta kwenye kidole linatosha kuharibu shati jeupe. Basi anawe? Hapana, nako kuna mwiko. Mkono uliotoka kwenye pasi haupelekwi kwenye maji baridi, wapiga pasi wanaamini mishipa itaharibika. Kwa hiyo kwa miaka yote ya ufundi wake, mchana kutwa amekula kisichoacha alama kidoleni.

"Nilimwambia, baba, hujarogwa," anakumbuka mtaalamu huyo. "Mwili wako usipopata protini kwenye sahani, unaichota kwenye misuli. Umekuwa ukijila mwenyewe kidogo kidogo."

Anaeleza kwamba kuanzia umri wa makamo misuli hupungua polepole kwa kila mtu, na wengi hawatambui kwa sababu uzito kwenye mizani unaweza usibadilike. Tatizo ni kwamba misuli ya mzee ni mizito ya kusikia. Chakula ambacho mwili wa kijana ungekitumia vizuri kujijenga, kwa mzee hakitoshi. Ndiyo maana anahitaji yai, maharage, samaki, maziwa au nyama kwa kiasi cha kutosha, tena katika kila mlo, si kurundika vyote usiku. Mwenye ugonjwa wa figo, anaongeza, amwone daktari kwanza kabla ya kubadili chochote.

Mzee alikuwa amejiandaa kuambiwa aache kazi. Akaambiwa kinyume. Chakula peke yake hakijengi misuli iliyokaa tu, na ule mkono unaoinua chuma ndio hasa unaotakiwa uendelee kuinua, ila uanze na chepesi na uwe umekula.

Wakarudi nyumbani na swali moja. Atakulaje dukani bila kugusa chakula, maana hata kaunta anashika mashati ya watu? Habari ya mkono na maji baridi, mtaalamu alijaribu kumtoa wasiwasi, mzee akaitikia "sawa" ile ya heshima, na mkewe akajua hapo hakuna kitu. Haya mambo hayatoki kwa mtu katika asubuhi moja.

"Nikamwambia, kwani mikono unayo wewe peke yako?" anasema mkewe.

Ndivyo bakuli lilivyoanza kufika dukani. Mara ya kwanza mzee alitaka kuzama chini ya kaunta kwa aibu. Wateja wakampa bibi jina la Mama Kijiko, naye akalipokea kwa mikono miwili. Meno ya nyuma yamempungua mumewe, kwa hiyo maharage anayaponda na samaki anamchambua mwiba kwa mwiba. Maziwa anayamwagia kwenye ile chai.

Mchana wateja wakipungua, mzee alianza kujipigia foronya kwa pasi ya umeme, ile anayoidharau. Baadaye shuka. Baadaye akaichukua pasi yake ya mkaa ikiwa tupu, haina moto, akawa anaisukuma juu ya blanketi. Mwenye duka alimwona, akamwacha aendelee.

Miezi ikaenda. Kola za yule aliyeshika meza zikarudishwa kaunta, mara moja, mara mbili, na mwenye duka akaja mwenyewe kutandika shuka jipya juu ya meza ndefu. Alimwambia tu, "Mzee wangu, njoo." Tangu hapo anafanya kazi nusu siku, mashati peke yake, na mapazia mazito wanafanya wengine.

Kwa Povu alikwenda mwenyewe hadi karoni, akamwomba radhi. Povu alimsamehe papo hapo, lakini kwa muda mrefu kila asubuhi alimpitia mezani kumwarifu kwamba mwizi amefika kazini.

Simulizi hii ingeweza kuishia hapo, na Mzee Kola alitaka iishie hapo. Alimkaribisha mwandishi nyumbani ili amwonyeshe ushahidi. Akaketi kwenye kile kiti kifupi kilichokuwa kikimshinda kuinuka, akakunja mikono kifuani, akainuka kama mtu aliyeitwa. Akarudia. Akataka apigwe picha.

Kisha, kwa furaha tu, akamwambia mkewe naye ajaribu. Bibi akasema ana kazi jikoni. Akabembelezwa, akaketi, akakunja mikono, akajisukuma. Akarudi chini. Akacheka. Akajaribu tena, na safari hii akashika ukingo wa meza ndipo akasimama. Mzee Kola alikuwa ameacha kutabasamu.

Akamwuliza amekula nini leo. Bibi akasema amekula. Amekula nini? Chai. Na jana mchana? Hapo bibi akaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Katika nyumba hii yeye ndiye anayepakua, na anayepakua hujipakulia mwisho. Yai lipo la mumewe, samaki yupo wa mumewe, nyama ya wajukuu wanaokuja kushinda hapo. Kwake hubaki mchuzi.

"Mimi nikiwaona mmekula, huwa nashiba," alisema.

Mumewe alimshika mkono, juu ya kiwiko, vidole vyake vikazunguka mkono mzima na kukutana. 

Wiki hii wanakwenda kliniki wote wawili. Jikoni nako kuna mabadiliko. Mayai sasa anachemsha mzee mwenyewe, na mengi yanapasuka, maana anayaminya kama anapiga pasi. Mkewe anamcheka, anamwita mpishi wa dharura. Bibi pia ameanzishiwa zoezi la kuinua ndoo ndogo ya maji, kitu chepesi cha kuanzia, kama alivyoelekezwa mumewe wakati ule, nalo analifanya huku akilalamika.

Mzee Kola anaulizwa mara kwa mara ataiacha pasi lini. Anasema hana haraka, kola zipo. Lakini ukimwuliza anachotaka hasa, hataji meza.

"Meza wakiichukua kesho nitaumia, halafu nitapoa," anasema. "Huyu nikimpoteza kwa kutotazama sahani yake, sitapoa. Kwa hiyo siku hizi anakula yeye kwanza. Mimi nakaa pale mbele yake mpaka amalize, na dukani watanisubiri."