L si Legeza

Njombe nzima hakuna fundi wa gia za baiskeli kama mimi.
Uongo. Leo nimeumbuka.

Gia ya nyuma ilikuwa inarukaruka, na viazi vya mke wangu vinasubiri kwenda sokoni.
Nikakuta skrubu mbili, H na L.
H nikajua ni Hatari, sikuigusa. L ni Legeza, basi nikalegeza kwelikweli.

Mlimani nikaweka gia nyepesi. Mnyororo ukaruka, ukazama kwenye spoki. Kumbe L ni Low, skrubu inayouzuia mnyororo usizame huko ukiwa kwenye gia nyepesi.
Viazi vyote mtaroni.

Mke wangu: "Baba Neema, si ungelegeza mdomo ukauliza, ukaiacha baiskeli?"

Wangapi mlijua L ni Legeza? Semeni, nisiwe peke yangu.

Na wewe Hamisi wa Makambako, nilikusukumia pikipiki kwenye matope. Njoo na bisibisi kabla soko halijafungwa. Huyu mama anaokota viazi huku ananitazama.