Niliposimamisha Chakula cha Harusi ya Kaka Yangu

Bon, nianze na aibu yenyewe ili mnicheke mara moja tumalize: mimi Esta, binti mwenye diploma ya sekondari iliyotundikwa ukutani kwetu mtaa wa Beechmont, nilishika maikrofoni kwenye harusi ya kaka yangu mwenyewe, nikawaambia watu karibu mia tatu waache kula kwa sababu wakwe wamemlisha mama yetu sumu. Ndiyo. Wakwe. Na hawakuwa wamefanya kitu.

Lakini mambo hayakuanzia ukumbini, yalianzia hapa Louisville, miezi minne kabla, kwa daktari wa mama. Mama ana sukari, vidonge vilikuwa vimeshindwa, donc daktari akaamua kumpa sindano mpya, ya kujidunga mara moja kwa wiki. Akauliza kama tunataka mkalimani wa kwenye simu. Nikaangalia saa (shifti yangu ya weahausi, kule ghala la mizigo, ilikuwa inaanza saa nane, na basi letu halingojagi mtu), nikasema hapana, nitatafsiri mwenyewe. Basi daktari akaongea. Akaongea, akaonyesha karatasi, akajishika hapa chini ya mbavu za kulia, akaongea tena. Aliponyamaza nikamgeukia mama: "Anasema ujidunge kila Jumapili."

Mama akanitazama. "Daktari amesema dakika kumi, weye unanipa neno moja?"

"Mama, Kiingereza njo kiko hivyo, kirefu."

Akakubali, maskini. Na sindano ikafanya kazi kweli! Sukari ikashuka, mama akapungua mpaka kitenge alichoshonewa kwa ajili ya harusi kikapunguzwa mara mbili, akawa anazunguka mbele ya kioo utadhani yeye ndiye bibi arusi. Mara mojamoja akila kitu cha mafuta alilalamika tumbo, sisi tunasema gesi, anakunywa maji ya moto, yanaisha.

Harusi tuliifanya Columbus, siku ya Ijumaa. Sisi hatuna mtu Columbus, wao hawana mtu Columbus, lakini wakwe wanakaa Buffalo na wazee walibishana kwenye simu wiki nyingi nani amfuate nani, mwishoni wakafungua ramani wakachagua mji wa katikati (Buffalo mpaka leo wanasema wao ndio walioendesha zaidi). Jiko likapewa wamama wa Buffalo, na mkubwa wao alikuwa Mama Rehema, shangazi wa bibi arusi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio mlima wa pili.

Chakula kikatoka. Watu wote wakapanga mstari, lakini mama, kwa heshima ya mama wa bwana arusi, akaletewa sahani yake peke yake kutoka jikoni, imefunikwa, Mama Rehema mwenyewe akaiweka mezani kwa mikono miwili. Mbuzi mwenye mafuta, wali, na sombe, kisamvu chetu cha mawese. Mama akala kwa raha zake. Haikupita nusu saa nikamuona ameshika ubavu, uso wote jasho, akainama akatapika ndani ya mkoba wake mpya.

"Mama, nini?"

"Kitu kinanikata hapa, kinapanda mpaka begani. Esta, ninakufa."

Nyie mliokulia milimani kwetu mnajua akili yangu ilikwenda wapi. Kwetu mtu akikukaribisha anaonja kwanza mbele yako, ndipo anakupa, roho yako itulie. Na Mama Rehema hakuonja! Sahani peke yake, imefunikwa, haikuonjwa, na mama anakufa mbele yangu! Nilitakiwa kufikiri dakika moja tu. Dakika moja mimi sina, sijawahi kuwa nayo. Kijana wa protokole, mwongoza sherehe, alikuwa anatangaza keki, nikamnyang'anya maikrofoni.

"Musikule! Musikule tena! Mama amelishwa!"

Mzee mmoja wa upande wetu alikuwa na nyama mdomoni, ikabaki shavuni, hatafuni, hatemi. Bibi arusi akaanza kulia. Baba yake akasimama taratibu, akafunga kifungo cha koti, na upande wao wote ukasimama pamoja naye. Kaka yangu Eli alinitazama kwa macho ambayo sitayasahau, maana aliona ndoa iliyofungwa saa tatu tu zilizopita inavunjika kabla ya keki.

Mlango wa jikoni ukafunguka, Mama Rehema huyo, mwiko mkononi.

"Nani amelisha nani?"

Wote waligeukia kwangu (nimeshika maikrofoni, nitajificha wapi?). Akaja mpaka mezani, akaitazama sahani ya mama, nusu yake bado ipo, akaibeba, akasimama karibu nami bega kwa bega, akaanza kula. Alikula nyama, akala wali, akala sombe, akavunja mfupa akaunyonya, na maikrofoni ikachukua kila mtafuno ikaupeleka ukumbi mzima. Alipomaliza akajipangusa mdomo.

"Nikikufa, munizike Buffalo," akasema. "Na nisipokufa, huyu mutoto atanijua."

Ambulansi ikaja. Dada wa ambulansi akambonyeza mama chini ya mbavu za kulia, mama akapiga kelele, yule dada akaniuliza mama anatumia dawa gani, nikamtajia sindano. "Hawakuwaambia kuhusu kifuko cha nyongo?" Na hapohapo nikamuona yule daktari wa Louisville, amejishika mbavu, anaongea, mimi naangalia saa.

Hospitali wakapiga picha ya tumbo, wakakuta mawe kwenye kifuko cha nyongo na kifuko chenyewe kimevimba. Safari hii nilimdai mkalimani wa simu mimi mwenyewe. Daktari akaeleza kwamba sindano za aina ile zinaweza kuwaletea watu wengine shida hiyo, na kupungua kilo haraka pia kunaweza, yeye hawezi kuapa ni kipi, ila kifuko kinatolewa kesho asubuhi, na sindano isimame kwanza mpaka daktari wake aamue. Mama akasikiliza yote, kisha akauliza, "Yule wa Louisville hakujua haya?"

"Alijua, mama. Alisema. Mimi njo sikukuambia. Nilikuwa na haraka."

Nikangoja kofi. Mama akaanza kucheka, akajishika ubavu, "Usinichekeshe, inauma, weye mujinga!" na yule mkalimani, ambaye kazi yake ni kutafsiri kila kitu, akatafsiri na mjinga pia, daktari akaangua kicheko.

Operesheni ilikwenda vizuri. Jumapili, mama akiwa bado kitandani anadai supu, nilisimama kanisa lilelile walilofungia ndoa, mbele ya familia mbili, nikaomba msamaha (protokole alishika maikrofoni mwenyewe, hakuniachia). Baba wa bibi arusi akasema ndoa imesimama, ila siku ya ubatizo wa mtoto wao wa kwanza mimi nitakaa nyuma kabisa, karibu na choo. Watu wakacheka, Eli akacheka, ndipo nikapumua.

Mama Rehema hakucheka. Aliningoja nje, anapakia masufuria kwenye gari. Nikapiga magoti kwenye lami, akaniinua kwa sikio. Halafu akashusha ile sauti yake, ikawa ndogo kabisa.

"Esta. Hiyo sindano ya mama yako, mimi pia najidungaga. Mwezi wa pili sasa. Binti yangu njo ananitafsiriaga. Aliniambia maneno mawili tu."

Binti mwenyewe alikuwa kwenye usukani, anapiga honi, Buffalo ni mbali. Sisi tukapindua masufuria mawili tukakaa, nikamwambia yote niliyosikia hospitali: maumivu hapa, yakipanda begani, kutapika, homa, macho kuwa ya njano, usingoje, usiseme gesi, piga simu siku hiyohiyo, na usiiache sindano kwa kichwa chako, muulize daktari.

"Rudilia," akasema. "Polepole."

Nikarudia tangu mwanzo. Mimi, polepole! Na ninaandika hapa nisije nikakana: maneno ya daktari sitayapunguza tena hata moja, hata kama anamsalimia mama tu.